Hesabu Zikae Tayari: Mwongozo kwa Mtunza Hazina Mpya wa Kanisa

Mara nyingi inakuwa hivi. Mkutano wa mtaa, yaani tawi letu la kanisa, umeshachosha watu, jua limesogea, mwenyekiti anauliza, "Haya, mtunza hazina?" na mama mmoja wa kwaya anataja jina lako. Watu wanapiga makofi haraka haraka maana wana njaa. Unarudi nyumbani na funguo mbili, kaunta buku lililochanika jalada na bahasha ya stakabadhi za mwaka juzi. Kazi yenyewe hakuna aliyekueleza.

Nimekuandikia wewe. Hazina ya mtaa wetu niliishika miaka sita. Sisi ni Walutheri, lakini aliyeko kwenye jumuiya ya Kikatoliki au kanisa la Kipentekoste lenye waumini arobaini atakuta mambo ni yale yale, na hata anayeshika mkoba wa nyumba yake tu ana la kuokota humu.

Tuanze na neno. Ukisema "wakili" mjini, watu wanawaza joho jeusi na mahakama. Katika Biblia yetu wakili ni mtu aliyekabidhiwa mali isiyo yake, aisimamie kwa niaba ya mwenyewe, na iko siku ataulizwa. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba kinachotakiwa kwa mawakili ni mtu aonekane kuwa mwaminifu. Mimi husimama kwenye hilo "aonekane". Maana yake kuna mtu atakuja kuangalia.

Na kukesha je? Sisi tukisikia kukesha tunafikiria mkesha wa Ijumaa, ngoma na maombi hadi alfajiri. Sina ugomvi na mkesha. Lakini fungua Luka 12. Yesu anasema viuno vifungwe na taa ziwake, Petro anauliza kama mfano huo ni wao tu au ni wa watu wote, na jibu analopata ni habari za wakili aliyewekwa kugawa posho kwa wakati wake. Heri mtumwa yule ambaye bwana wake akija atamkuta akifanya hivyo. Yaani anamkuta na pishi mkononi, anapima unga, wala hakumkuta getini anachungulia barabara. Kwa mtunza hazina, kuwa tayari ni hivi: leo saa kumi jioni mtu mwingine aweze kulichukua daftari lako, wewe mwenyewe hupo, na akaelewa kila mstari.

Nililijua hilo nikiwa nimelala. Mwaka wangu wa pili tumbo lilinikamata usiku wa Jumatano, asubuhi nikapasuliwa, nikalazwa siku kumi na moja. Jumapili ile mtaa ulikuwa umlipe fundi wa madawati. Wazee wawili wakaja wodini na machungwa, wakazunguka maneno weee, mwisho mmoja akauliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, zile hela ziko wapi?" Ziko wapi! Laki mbili na kitu zilikuwa benki. Nyingine zilikuwa kwenye laini yangu ya simu, zimechanganyika na ada ya mtoto. Elfu sabini nilikuwa nimempa mwinjilisti za nauli ya msiba, kwa nia njema kabisa, bila karatasi. Na kitabu cha benki alikuwa nacho mke wangu chini ya godoro, naye hakujua ni cha nini. Sikuiba hata senti. Lakini nilivyokuwa nawaelekeza wale wazee nilijisikia kama mwizi, na machoni mwao niliona wanajitahidi kutonifikiria hivyo.

Haya yanayofuata ndiyo niliyoyarekebisha baada ya kutoka hospitali.

Hatua ya kwanza: usipokee mzigo gizani

Kabla hujashika funguo, kaa na mtunza hazina anayetoka pamoja na mzee mmoja wa kanisa. Hesabuni fedha taslimu iliyopo, angalieni salio la benki la siku hiyo hiyo, andikeni vitu vyote: vitabu vya stakabadhi na namba zake za mwanzo na mwisho, mihuri, madeni ya nje na ya ndani. Watatu mtie saini. Kama kuna pengo, liandikwe kama pengo. Usikubali ile ya "hiyo tutaiweka sawa baadaye, ndugu yangu". Baadaye itakuwa ni yako.

Ni jambo la aibu kidogo kulifanya kwa mtu unayemheshimu. Mwambie, "Mzee, hii ni kwa ajili yako pia," kwa sababu ni kweli.

Hatua ya pili: Jumapili, mezani

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo niende taratibu.

Sadaka isihesabiwe na mtu mmoja hata siku moja, hata awe mchungaji. Wawe watatu au zaidi, wazee wa zamu, na mume asihesabu na mke wake peke yao. Huu si uzungu wa wakaguzi. Katika 2 Wafalme 12 makuhani walikuwa wakipokea fedha za kutengeneza hekalu, na mpaka mwaka wa ishirini na tatu wa mfalme Yoashi nyufa zilikuwa bado pale pale. Yehoyada kuhani akatwaa kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu. Lilipojaa, walikuja kuhesabu watu wawili kutoka pande mbili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu. Karne nyingi baadaye, mwaka 1523, mji mdogo wa Leisnig huko Ujerumani uliweka kasha la pamoja la kanisa kwa ushauri wa Martin Luther: wasimamizi kumi, kufuli nne, na funguo zake zikagawanywa kwa watu wa makundi tofauti ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Walioweka utaratibu huo hawakuwa na shaka na mtu fulani. Walimjua binadamu.

Salini kwanza, sala fupi. Sisi tulikuwa tunasema tu, "Bwana, hizi ni zako, tusaidie tusikosee." Halafu mimina kikapu mezani, simu za wote pembeni, mlango wazi. Noti zipange kwa aina, uso upande mmoja. Sarafu zipange vijiti vya kumi kumi. Anayehesabu asiwe anayeandika. Mtu wa pili arudie hesabu bila kuambiwa ya kwanza ilikuwa ngapi, maana ukimwambia ni 48,000 na yeye ataipata 48,000 hata kama si kweli.

Karatasi ya Jumapili moja inaweza kusomeka hivi: za elfu kumi 3, sawa na 30,000. Za elfu tano 7, 35,000. Za elfu mbili 24, 48,000. Za elfu moja 61, hizo ni 61,000. Sarafu za mia tano 78, 39,000. Za mia mbili 95, 19,000. Za mia 64, 6,400. Hamsini 18, 900. Jumla 239,300. Andika kwa tarakimu na kwa maneno, kwa peni ya wino, penseli hapana. Ukikosea piga mstari mmoja, andika sahihi juu yake, weka saini pembeni. Usifute kwa rangi nyeupe. Anayekagua akiona rangi nyeupe moyo wake unakwenda mbali.

Bahasha za ahadi na fungu la kumi zifunguliwe hapo hapo, kila moja iandikwe kwa namba yake kabla fedha haijachanganywa na nyingine. Na kinachoonekana ndani ya bahasha kibaki mezani. Ukisikika kwa mangi ukisema mwalimu mkuu anatoa buku mbili, umeharibu kitu ambacho hakuna ukaguzi utakirudisha.

Sasa mnada. Wanaosali mjini kwenye makanisa makubwa labda mmeusahau, lakini kwetu baada ya baraka watu hawaondoki. Kuna kuku aliyefungwa miguu, trei ya mayai, mkungu wa ndizi, boga, sado ya maharage. Mnadi ana kelele na utani, na hapo ndipo hesabu inapopotea. Kuku ananunuliwa 15,000, mnunuzi anasema "namrudishia Bwana", ananadiwa tena 12,000, anarudishwa tena, anakwenda kwa 20,000. Kuku mmoja, mapato matatu, 47,000. Weka kijana mwenye daftari kando ya mnadi aandike kila bei na jina la mnunuzi papo hapo, na mwingine apokee fedha. Wanaosema "nitaleta Jumatano" waandikwe kwenye ukurasa wao. Jumatano ikipita wakumbushe kwa simu, faraghani. Kuwasoma kwenye matangazo mbele ya wakwe zao ni njia ya kuwafanya wasinunue tena.

Hatua ya tatu: kapu lote liende benki

Kila kilichohesabiwa Jumapili kiende benki Jumatatu kama kilivyo. Usilipe chochote kutoka kwenye kikapu, si umeme, si soda za wageni, si mafuta ya pikipiki ya mwinjilisti. Ukitaka kulipa, toa benki kwa saini za watu wawili, au kwenye kiasi kidogo cha matumizi ya wiki kilichopitishwa na wazee. Ukifuata hili peke yake, nusu ya matatizo yako yameisha, kwa sababu namba ya Jumapili, namba ya slipu ya benki na namba ya daftari ni ile ile, na mtoto wa darasa la saba anaweza kuzilinganisha.

Hela ya kanisa isilale kwenye simu yako. Kama watu wanapenda kutoa kwa simu, na wanapenda, kanisa lipate namba yake ya malipo yenye jina la kanisa. Kuna ambao bado watakutumia kwenye laini yako, "naomba unipelekee sadaka yangu". Wajibu kwa upole, mrudishie na umpe namba sahihi. Mara mbili tatu watazoea.

Vijijini benki iko mbali, hilo nalijua. Basi iwepo sanduku lenye kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wasiokaa nyumba moja, na siku maalumu ya kwenda mjini. Mkienda, nendeni wawili. Paulo alipokusanya mchango wa watakatifu wa Yerusalemu alimtuma Tito pamoja na ndugu waliochaguliwa na makanisa, akasema wazi sababu: wanajiepusha na lawama kwa habari ya karama ile, wakiangalia yaliyo mema si mbele za Bwana tu, ila na mbele ya wanadamu. Paulo! Kama yeye hakusafiri na bahasha peke yake, mimi ni nani?

Hatua ya nne: kila fungu na kazi yake

Fedha ya jengo hainunui spika. Fedha ya yatima haikopeshwi idara ya vijana, hata kwa wiki. Mtu alipotoa aliambiwa ni ya mabati, akatoa akiona mabati akilini mwake. Kubadilisha kunahitaji kikao na muhtasari, pamoja na kurudi kwa waliotoa.

Kila malipo yawe na karatasi tatu: aliyeomba, aliyeidhinisha, na stakabadhi ya aliyelipwa. Bodaboda hana risiti? Andika tarehe, safari, kiasi, aweke saini au dole gumba. Zile elfu sabini zangu za msiba zingehitaji kipande cha karatasi cha ukubwa wa kiganja.

Na ogopa mtu anayetumia maskini kama sababu ya kuharakisha malipo bila karatasi. Yuda alipolalamikia yale marhamu ya Mariamu, hoja yake ilikuwa maskini. Yohana anatuambia ndiye aliyeshika mfuko.

Hatua ya tano: toa hesabu kabla hujaulizwa

Kila Jumapili soma sadaka ya wiki iliyopita. Kila mwisho wa mwezi linganisha daftari na taarifa ya benki, bandika ukurasa mmoja ubaoni: tulianza na kiasi gani, kimeingia nini, kimetoka nini, tumebaki na nini. Kila robo mwaka keti na wazee mpitie karatasi moja moja.

Kuna watakaokuambia haya yanaua imani. Watakutajia kwamba katika habari ile ile ya Yoashi wale waliokabidhiwa fedha ya kuwalipa mafundi hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Kweli, imeandikwa. Ila fedha hiyo ilikuwa imeshahesabiwa na watu wawili na kutiwa mifukoni kabla haijawafikia. Uaminifu wao ulikuja baada ya kasha.

Hatua ya sita: usifukie

Hatari ya pili ya mtunza hazina ni kuwa mgumu. Anaona fahari salio kukua. Paa linavuja juu ya watoto wa Shule ya Jumapili, mjane wa mtaa amelala njaa siku mbili, naye anasema "fedha ipo, ipo salama". Yule mtumwa wa Mathayo 25 alisema hivyo hivyo, tazama, unayo iliyo yako. Na tusimhurumie kwamba alipewa kidogo. Talanta moja ilikuwa kama dinari elfu sita, na dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo alikabidhiwa kazi ya mtu ya miaka kama ishirini. Kuifukia ardhini zamani zile hata kulihesabiwa kuwa ulinzi mzuri. Mwenye mali hakutaka ulinzi.

Kwa vitendo: kila kikao cha robo mwaka, uliza fedha gani imekaa zaidi ya miezi sita na inasubiri nini. Kama hakuna mwenye jibu, kikao kipange kazi yake.

Hatua ya saba: nyumbani kwako

Huwezi kunyoosha daftari la mtaa wakati la nyumbani limepinda. Hii naisema kwa sababu wizi wa hela ya kanisa ninaoujua mimi karibu wote ulianza na deni la nyumbani na sentensi moja: "nitairudisha Jumatatu".

Kwa hiyo toa sadaka yako wewe mwenyewe, kwa bahasha, kama kila mtu. Paulo aliwaambia Wakorintho kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma, kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, ili michango isifanyike yeye akishafika. Fanya hivyo na madeni pia. Andika unayodaiwa na unaowadai, VICOBA, duka, shemeji. Mwenzi wako ajue hati ya shamba iko wapi na ada ya muhula imelipwa au la. Andika wosia, mbele ya mashahidi, ukisaidiwa na huyo wakili wa joho jeusi. Watu wanaogopa wosia kana kwamba unaita kifo.

Bibi yangu hakuwahi kuwasha chemli gizani. Saa kumi na moja na nusu, jua bado liko juu ya migomba, alikuwa anakaa kizingitini, anafuta kioo kwa kipande cha gazeti, anakata utambi kwa mkasi, anatikisa tanki sikioni asikie mafuta yamebaki kiasi gani. Tukimcheka kwamba bado mchana. Wale wanawali watano wapumbavu wa Mathayo 25, walioishiwa mafuta, walikuwa na taa, nadhani watu husahau. Walikosa kutikisa.

Pima hivi: simu ya mwenyekiti ikiita, moyo wako unafanya nini? Ukishtuka, kuna mstari mahali fulani hauko sawa. Na kama umeshachukua, usisubiri ukaguzi. Nenda kwa mchungaji leo na kiasi kamili kwenye karatasi, pamoja na ratiba ya kukirudisha. Zakayo alipotubu alitaja nusu ya mali na mara nne. Toba yake ilikuwa na tarakimu.

Hatua ya nane: kukabidhi

Muda wako ukiisha, au wakikutoa kabla haujaisha, rudi hatua ya kwanza, safari hii wewe ukiwa upande wa pili wa meza. Mwache mpya ahesabu mwenyewe, hata akirudia mara tatu. Usimwambie "niamini". Mwonyeshe daftari la wadaiwa wa mnada, mweleze nani hulipa polepole lakini hulipa. Badilisheni saini za benki wiki hiyo hiyo. Mimi siku yangu salio lilitofautiana na daftari kwa shilingi 150, tukaitafuta saa nzima, tukaikuta: sarafu tatu za hamsini zimejibana kwenye pindo la kikapu. Tukaziandika, tukatia saini, nikampa dada yule funguo zote mbili, nikaenda kukaa na wengine kwenye benchi la nyuma.